Thaimu mwitu: spishi zaidi ya mia mbili zinazofichwa na jina moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe hoja juu ya desturi iliyozoeleka katika makala za bustani, za tiba za asili na hata za mazingira, ya kuitaja thaimu kana kwamba ni mmea mmoja tu wenye asili moja, na kwamba asili hiyo ni Ulaya. Msomaji huambiwa kuwa thaimu ilitoka kandokando ya Bahari ya Mediterania, hutajiwa jina la kitaalamu la Thymus vulgaris, kisha habari hukomea hapo. Habari hiyo ni ya kweli kwa mmea unaopandwa bustanini, lakini kwa thaimu mwitu ni kipande kidogo mno cha ukweli, na kipande hicho kinapochukuliwa kuwa ukweli wote huzaa ushauri mbaya kwa wavunaji, kwa wapandaji na kwa wale wenye dhamana ya kuhifadhi mimea ya porini.

Thymus ni jina la jenasi nzima, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, iliyomo katika familia moja na mnanaa na mrehani. Carl Linnaeus aliiweka katika mfumo wake wa majina mwaka 1753, na tangu wakati huo orodha ya spishi zake imekuwa ikirefushwa na kufupishwa kila kizazi cha wataalamu kinapokuja na vigezo vyake. Mwaka 2002 mtaalamu wa mimea wa Hispania, Ramón Morales, aliorodhesha spishi 214 zilizopangwa katika makundi manane, ilhali wengine, ambao tofauti ndogo kwao inatosha kuzaa jina jipya, huvuka 300. Mimi nauona mkono wa Morales kuwa na kiasi zaidi, ingawa nakiri kwamba ugomvi huu una sababu zake za kimaumbile. Spishi za thaimu huzaliana zenyewe kwa zenyewe kwa wepesi, zikaacha machotara ambayo nayo huota na kustawi. Idadi ya kromosomu zake hutoka 24 hadi 90, maana yake ni kwamba katika historia ya jenasi hii seti za kromosomu zimerudufiwa mara nyingi, na baadhi ya mimea inayofanana kwa macho inatofautiana sana ndani ya seli.

Katika kundi lililo kubwa kuliko yote, lile la thaimu zinazotambaa, mtaalamu analazimika kushika lenzi na kutazama manyoya ya shina lenye pembe nne. Thymus pulegioides ina manyoya kwenye pembe tu, Thymus serpyllum inayo kuzunguka shina lote, na Thymus praecox inayo zaidi kwenye pande mbili zinazoelekeana. Pasipo lenzi, mimea hii mitatu huonekana kuwa zulia moja la maua ya zambarau. Ndiyo maana picha nyingi za thaimu mwitu wa Uingereza huchapishwa chini ya jina la Thymus serpyllum, wakati spishi hiyo nchini humo inaishi katika eneo dogo tu la mchanga liitwalo Breckland, mashariki ya nchi, na ile inayofunika vilima vyake vya chokaa na miamba ya pwani ni nyingine. Hiyo nyingine nayo imebadilishwa jina mara kadhaa: mara Thymus drucei, mara Thymus praecox, mara Thymus polytrichus, kulingana na kitabu kinachofunguliwa. Simlaumu mwandishi wa gazeti anayechanganyikiwa katika msitu huo wa majina, ila namlaumu anayeandika kama kwamba msitu wenyewe haupo.

Tuje kwenye ramani. Eneo la asili la jenasi hii linaanzia kusini mwa Greenland na Iceland, ambako Thymus praecox hutambaa juu ya changarawe na mawe ya volkano, linapita Ulaya karibu yote, linaendelea hadi Siberia, Mongolia, China na Korea, na kukomea Japani, ambako spishi iitwayo Thymus quinquecostatus huota juu ya miamba. Upande wa kusini wa Asia lipo tawi linalopitia Uturuki, Iran na Afghanistan hadi Himalaya, makao ya Thymus linearis. Upande wa magharibi jenasi imevuka bahari na kufika visiwa vya Atlantiki: Thymus caespititius iko Azores, Madeira na pembe ya kaskazini-magharibi ya Rasi ya Iberia, na Thymus origanoides haipatikani kwingineko duniani ila kisiwa cha Lanzarote, katika Visiwa vya Kanari. Afrika Kaskazini nayo ina utajiri wake, hasa Moroko, nchi yenye spishi ambazo Ulaya haina, kama Thymus satureioides na Thymus broussonetii. Amerika haina thaimu ya asili hata moja, ukiiondoa Greenland ambayo wanajiografia huihesabu upande huo, na nusu ya kusini ya dunia haina kabisa. Zile zinazoonekana leo zikifunika miteremko mikavu ya Central Otago nchini New Zealand ni wageni walioletwa na watu katika karne ya 19, wakati wa uchimbaji wa dhahabu, wakaipenda ardhi na kuenea bila kupandwa.

Ramani hiyo, Mhariri, haikupakwa rangi sawasawa. Kuna sehemu ambazo spishi moja au mbili hutawala maelfu ya kilomita, na kuna sehemu ambazo kila bonde lina yake. Rasi ya Iberia ni sehemu ya namna hii ya pili, na pengine ndiko mahali pazuri kuliko pote pa kujifunza jinsi thaimu inavyotii udongo. Thymus lacaitae huishi kwenye ardhi ya jasi katikati ya Hispania, ardhi ambayo mimea mingi haiiwezi. Thymus carnosus, yenye majani manene, hukaa kwenye vilima vya mchanga vya pwani ya Ureno na sehemu jirani ya Hispania, na kwa kuwa pwani hiyo hiyo ndiyo inayotafutwa na wajenzi, makao yake yanazidi kuminywa. Thymus lotocephalus ni ya Algarve pekee, kusini mwa Ureno. Kusini-mashariki ya Hispania, kwenye nchi kavu karibu kama jangwa, kuna Thymus longiflorus, Thymus moroderi na Thymus membranaceus, ambazo maua yake yamerefuka kuwa mirija, tofauti kabisa na vijiua vifupi tulivyozoea kuviona. Harufu nazo hazifanani: Thymus mastichina, ambayo ni ya rasi hiyo tu, inanukia kama mkaratusi, na Thymus herba-barona ya Corsica na Sardinia inanukia kisibiti. Mtu aliyejifunza kuitambua thaimu kwa pua peke yake angezipita zote mbili bila kugeuka.

Hata ndani ya spishi ile moja inayojulikana na kila mtu mna tofauti ambazo hazionekani kwa macho. Katika bonde la Saint-Martin-de-Londres, kaskazini ya mji wa Montpellier nchini Ufaransa, watafiti wamekuwa wakiifuatilia Thymus vulgaris ya porini tangu miaka ya 1970, na wamekuta aina sita za kikemia, kila moja ikitambulikana kwa kiambata kinachotawala katika mafuta yake: thimoli, kavakroli, linalooli, geranioli, terpineoli au thujanoli. Mimea hiyo yote ni spishi moja na huzaliana, na aina ya mafuta huamuliwa na jeni chache ambazo moja humfunika mwenziwe kwa mpangilio maalumu. Mbili za kwanza kati ya zilizotajwa hapa huonekana zaidi pembeni mwa bonde. Thimoli na kavakroli ndizo fenoli zinazoipa thaimu ukali wake, na mimea yenye kuzibeba hutawala vilima vya mawe vinavyopata jua kali na ukame wa kiangazi. Aina nne zisizo na fenoli hutawala chini bondeni. Sababu yake ni baridi. Usiku wa majira ya baridi hewa nzito huteremka na kutulia katika bonde lile, ikawa chini kuna sakitu kali wakati vilimani hakuna, na mimea yenye fenoli haistahimili kugandishwa namna hiyo mapema katika majira hayo. Wenzake wasio na fenoli hustahimili baridi, lakini hawawi imara kama wao kiangazi kikiwa kikavu. Mpaka kati ya makundi haya mawili ulikuwa mkali kiasi kwamba mtu angeweza kuuvuka kwa matembezi mafupi.

Nasema ulikuwa, kwa sababu watafiti waliporudi kwenye sehemu zilezile takriban miongo minne baadaye waliikuta mimea yenye fenoli imeanza kuingia mahali ambapo mwanzoni haikuwapo, sambamba na kupungua kwa zile baridi kali zilizokuwa zikiizuia. Huu ni ushahidi wa nadra: badiliko la tabianchi linaloweza kupimwa katika harufu ya mmea wa porini ndani ya umri wa mtafiti mmoja. Sasa mwandishi anayewaambia wasomaji kwamba thaimu ina thimoli, nukta, amewapa jibu ambalo ni sahihi kwa kilima na si sahihi kwa bonde lililo chini yake. Kwa anayenunua mafuta ya thaimu kwa ajili ya ngozi au kifua, tofauti hiyo si ya kitaaluma tu, kwa kuwa fenoli huchoma ngozi na linalooli ni pole zaidi.

Jambo jingine ambalo sijapata kuliona katika magazeti yetu ni jinsia ya mimea hii, jambo ambalo Charles Darwin alilieleza mwaka 1877. Katika kundi la thaimu porini hukutana mimea ya namna mbili: yenye maua ya jinsia zote mbili, na yenye maua jike tu ambayo hayatoi chavua. Sababu imo katika mitokondria (vijiumbo vya kutoa nishati ndani ya seli), ambazo mbegu huzirithi kwa mama peke yake na kwa hiyo hazipati faida yoyote kutokana na chavua. Mitokondria za aina fulani huua uwezo wa kutoa chavua, na jeni za kiini cha seli zikiwa na dawa yake huurudisha. Kwa hiyo kundi moja linaweza kuwa na majike wachache na jirani yake likawa na majike zaidi ya nusu. Mvunaji asiyejua hili, akakata ile michache yenye chavua kwa sababu maua yake ni makubwa zaidi, anaweza kuliacha kundi zima bila mbegu msimu huo.

Nigeukie wadudu, ambao ndio wanaolipa gharama ya uzembe wetu wa majina. Kipepeo mkubwa wa buluu, Phengaris arion, hutaga mayai yake kwenye matumba ya thaimu. Kiwavi hula ua kwa wiki chache, hujiangusha chini, kisha huchukuliwa na sisimizi wanaodhani ni mtoto wao na kupelekwa kwenye kichuguu, ambako huishi kwa miezi kadhaa akila mabuu ya wenyeji wake. Nchini Uingereza kipepeo huyu alitoweka mwaka 1979, na ajabu ni kwamba thaimu ilikuwa bado ipo. Kilichopotea ni sisimizi wa spishi moja, Myrmica sabuleti, anayehitaji udongo wenye joto. Ugonjwa wa miksomatosi ulipowaua sungura katika miaka ya 1950, na mifugo nayo ilipoondolewa kwenye miteremko, nyasi zilirefuka, udongo ukapoa, sisimizi wengine wakachukua nafasi, nao hawamlei kiwavi huyo ipasavyo. Uzio uliowekwa kuwazuia wakusanyaji wa vipepeo katika baadhi ya sehemu uliongeza tatizo, kwani uliwazuia pia wanyama waliokuwa wakizifupisha nyasi. Mtaalamu Jeremy Thomas alipoibaini sababu hiyo, malisho yalirudishwa, na katika miaka ya 1980 vipepeo wakaletwa kutoka Sweden. Wapo hadi leo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na bara la Afrika, na ni mkali zaidi. Katika milima ya Saint Catherine, kusini mwa Sinai nchini Misri, huishi mmoja wa vipepeo wadogo kuliko wote duniani, Pseudophilotes sinaicus. Kiwavi wake hula matumba na maua ya spishi moja tu, Thymus decussatus, na mmea huo huota kwa mafungu yaliyotawanyika katika milima hiyo mikavu. Hakuna thaimu ya bustani itakayoziba nafasi yake. Fungu likikauka kwa ukame, au likikatwa, kipepeo wa fungu hilo hana pa kwenda isipokuwa fungu jingine liwe karibu. Hapa jina la spishi ndilo suala zima.

Kutoka Sinai, ukishuka na milima iliyo pande mbili za Bahari ya Shamu, unakutana na Thymus laevigatus katika nyanda za juu za Yemen, na ng'ambo ya pili unaingia Ethiopia, mwisho wa kusini wa jenasi nzima katika bara hili. Ethiopia ina spishi mbili, Thymus schimperi na Thymus serrulatus, ambazo wenyeji huziita tosign. Ya kwanza ilipewa jina la Wilhelm Schimper, Mjerumani aliyekusanya mimea nchini humo katika karne ya 19, nayo huonekana Bale, Shewa, Wollo na milima ya Gondar. Ya pili ni zaidi ya kaskazini, Tigray ikiwamo. Zinaishi juu, kuanzia takriban mita 2,200 hadi karibu 4,000 katika milima ya Bale, kwenye nyasi fupi, kingo za njia na miteremko ya mawe, mahali ambapo usiku huganda na mchana huunguza. Hazikuvuka kwenda kusini zaidi. Ukitazama ramani sababu inaonekana wazi: milima mirefu ya ikweta imetenganishwa na Ethiopia na nchi tambarare yenye joto, na mbegu ya thaimu ni kijipunje kisicho na bawa wala mwiba, ambacho kwa kawaida huanguka karibu na mama yake.

Kwa hiyo anayeandika kwamba thaimu ni mmea wa Ulaya amewafuta Waethiopia kutoka katika habari ya mmea ambao wameutia katika chai na mchuzi wao kwa vizazi vingi, na amewafuta Waberberi wa milima ya Atlas pamoja nao. Hilo ni la heshima. La vitendo ni kwamba tosign inayouzwa masokoni sehemu kubwa huvunwa porini, na mara nyingi huvunwa kwa kung'olewa pamoja na shina la chini, kisha ikakaushwa na kufungwa mafungu. Thaimu ni kichaka kidogo chenye mti chini na majani laini juu. Ikikatwa juu ya sehemu ya mti huchipua tena, iking'olewa imekwisha, na mche utakaoota kutoka mbegu huchukua muda kabla ya kufaa kukatwa. Mvunaji huyo hapaswi kuambiwa kwamba thaimu imejaa duniani na haiwezi kwisha, kwa sababu iliyojaa duniani ni nyingine.

Ushauri unaoniudhi kuliko wote, Mhariri, ni ule wa kupeleka mbegu za Thymus vulgaris za dukani kupandwa kwenye miteremko iliyochakazwa, eti ili kuurudisha uoto. Penye thaimu ya asili ushauri huo ni hatari, kwa sababu jenasi hii, kama nilivyotangulia kusema, huchanganya damu kwa urahisi, na spishi yenye eneo dogo ikizungukwa na mgeni mwenye mbegu nyingi inaweza kumezwa bila mtu kuona mti hata mmoja ukikatwa. Mbegu za kurudishia uoto zitoke kwenye mlima uleule, au angalau kwenye mlima wa jirani wenye spishi ileile na udongo wa namna ileile. Kazi hiyo ni ya taratibu na haipendezi katika ripoti, najua, lakini vitalu vya kukuzia tosign kutoka mbegu za Bale haviko nje ya uwezo wa yeyote mwenye koleo, kivuli na subira.

Ombi langu kwa gazeti lako ni dogo. Kila itakapochapishwa makala juu ya thaimu, mwandishi ataje spishi anayoizungumzia na mahali inapoota kwa asili, na pale anapozungumzia mafuta yake aseme yametoka aina gani. Akiwa hajui spishi, aandike tu thaimu mwitu ya mahali fulani, na hilo litatosha kumwongoza msomaji kuliko jina la Kilatini lililobandikwa kwa kubahatisha. Picha nazo ziambatane na jina la mahali zilipopigwa. Picha ya Breckland na picha ya Bale zikiwekwa bila maelezo haziwezi kutofautishwa na wengi wetu, ila mtaalamu mwenye lenzi akijua mahali picha ilipopigwa anaweza walau kuandika kutusahihisha, na ukurasa huu wa barua utakuwa umefanya kazi yake.

Wako katika ujenzi wa habari zenye uhakika,

Msomaji wa siku nyingi